Dumu la Kitambaa Cheusi

Lori la mbao lilikuwa limeshakata kona, limeshika barabara kuu, na filimbi bado inalia kule nyuma.

Ndipo tulipomwacha Mvuke wiki iliyopita: kajibana juu ya mbao, turubai limemfunika, ubavuni ana mtambo wake wa kupikia uliofungwa kwa magunia, na miguuni madumu ya manjano yanagongana kila lori linapoingia shimoni. Kule alikotoka, Kikosi cha Mwenendo Mwema kilikuwa kinavunja mlango.

Kama hukuwa nasi, shika hili tu. Mvuke anapika pombe kali, ndiyo maana ya jina lake. Pombe imepigwa marufuku. Na mkuu wa Kikosi, yule anayepuliza filimbi, ni mdogo wa mumewe. Zamani alikuwa mwamuzi wa mpira, na mpaka leo wanamwita Refa.

Mvuke akashusha pumzi. Amepona.

Akanyoosha mkono kuyaweka sawa madumu yasimwagike. Mkono ukagusa kitambaa kilichofungwa kwenye mpini wa dumu moja. Akainua ukingo wa turubai apate mwanga.

Kitambaa kilikuwa cheusi.

"Mungu wangu," akasema. "Nimebeba la mume wangu!"

Hapo ndipo palikuwa na balaa, nami nitalieleza upesi. Mumewe ni seremala, Fundi kwa kila mtu. Wanatumia banda moja. Fundi anaweka spiriti ya kuchanganyia polishi ya mbao katika dumu la manjano. Mkewe naye anaweka pombe katika madumu ya manjano. Kwa hiyo wakawekeana alama: kitambaa chekundu, pombe ya mama; kitambaa cheusi, spiriti ya baba, ukiinywa umekwisha. Miaka yote hawakuwahi kukosea.

Leo, kwa haraka ya kukimbia, Mvuke amechukua jeusi. Maana yake jekundu limebaki chini ya meza ya kazi. Na kando ya meza hiyo amebaki Fundi, ambaye hakuona sababu ya kukimbia, maana yeye hanywi.

Hanywi! Zamani alikunywa mpaka akauza milango ya nyumba yake mwenyewe. Siku moja akaacha. Hakuna sheria iliyokuwapo wakati huo, hakuna aliyemshika mkono. Akamwambia mkewe, "Wewe pika, ndiyo kazi yako. Mdomo ni wangu, nitaulinda mimi. Ila ujue kitu kimoja, mama: mimi sijui kunywa kidogo. Funda moja likipita hapa kooni, umenipoteza."

Na adhabu ya Kikosi mnaijua. Ukikutwa na pombe, unanyweshwa hiyohiyo mbele za watu mpaka uitapike, kisha viboko. Serikali inaita kumkinaisha mlevi.

Mvuke akapiga bati la kichwa cha lori kwa ngumi. "Dereva! Simama!"

"Dada, una wazimu?" Dereva alitoa kichwa dirishani. "Nikisimama hapa tunakamatwa wote!"

"Basi usisimame."

Akalikumbatia lile dumu la kitambaa cheusi kama mtoto, akaruka.

Aliangukia bega, akaviringika kwenye kokoto, ngozi ya kiwiko ikabaki barabarani. Dumu halikupasuka. Alitaka kuwaonyesha wale wa Kikosi: hii ndiyo mali ya mume wangu, mliyoikuta ni yangu, nifungeni mimi. Lori halikupunguza hata mwendo.

Akakimbia.

*

Ua wa karakana ulikuwa umejaa watu walioswagwa kuja kutazama. Mvuke akachungulia kwenye ufa wa ukuta wa mabanzi.

Fundi alikuwa amepigishwa magoti mbele ya meza yake. Jicho moja limefumba, pua imegeuka nyama. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya jiliwa, lile koleo la chuma lililofungwa pembeni ya meza, analobania mbao asubuhi hadi jioni. Leo kimebanwa kiganja. Na aliyeshika mpini wa kulikaza ni Refa, mdogo wake wa tumbo moja.

Juu ya meza lilikaa dumu. Kitambaa chekundu.

"Kunywa, kaka," Refa alisema. Hakupaza sauti. "Uitapike, upigwe viboko vyako ishirini, tumalize."

"Sinywi."

"Ulituambia umeacha. Hii ni nini?"

"Nimeacha. Hiyo si yangu."

"Imekutwa chini ya meza yako. Sheria haiulizi ya nani, inauliza imekutwa wapi." Akazungusha mpini kidogo. Fundi akatoa sauti kama mbao inayochanwa. "Hakuna mtu anayelala nyumba moja na pombe asiinywe. Mimi si mtoto."

"Mimi nalala nayo."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Hakuna amri yako!" Sasa sauti ilipanda. "Baba naye alikuwa na amri yake. Alikwenda kilabuni kwa miguu yake mwenyewe, hakuburutwa. Akarudi na nini? Na mkanda! Nani alitukinga? Na wewe je?" Akafungua mdomo, akaonyesha pengo la mbele, lile linalofanya filimbi yake ivuje upepo ikilia. "Hili jino ulilivunja wewe. Ukiwa na amri yako."



"Ndiyo," Fundi akasema. "Na ndiyo siku niliyoacha. Serikali imekuja kunisaidia, asante, lakini mmechelewa. Nilishamaliza kazi."

Pembeni, katika mstari wa waliokamatwa, mzee mmoja alinyoosha kidole kama mwanafunzi. Huyu ni Mzee Kidogo, anaitwa hivyo kwa sababu akipita kwa Mvuke husema, "Nipe kidogo tu," mpaka jua linazama. Ameshanyweshwa na Kikosi mara kadhaa, na watu wanasema hujipeleka mwenyewe.

"Mkuu," akasema, "kama ndugu yako hataki, mimi nipo tayari kukinaishwa badala yake."

Watu wakacheka. Askari mmoja mnene akampiga rungu la mgongo, akaanguka chini huku bado ananyoosha kidole.

"Mshikeni pua," Refa akaamuru.

Askari Mnene akambana Fundi pua iliyokwisha pondeka. Mwingine akainua dumu. Fundi akakaza meno. Pumzi ikakata, kifua kikaruka, mishipa ya shingo ikasimama, bado akakaza. Refa akazungusha mpini.

Kitu kikalia *kwa!* ndani ya jiliwa.

Mdomo wa Fundi ukafunguka kwa ukelele, na kidole cha Askari Mnene kilikuwa karibu. Fundi akaufunga mdomo hapohapo, juu ya kidole.

Askari Mnene alipiga yowe la kuamsha wafu. Akamgonga mwenzake, mwenzake akaachia dumu, dumu likapinduka, na pombe yote ya Mvuke ikanywewa na unga wa mbao.

"Jamani!" Mzee Kidogo alitambaa mpaka pale, akachota unga wa mbao kwa viganja, akaunusa, machozi yakamtoka. "Jamani, hata adabu hamna!"

*

Mvuke hakuona tena cha kusubiri. Akang'oa banzi, akapenya.

"Ni yangu! Pombe ni yangu mimi! Mwachieni!"

Askari akamkamata nywele. Mvuke alikuta nyundo ya mbao kwenye rundo la vifaa, akaizungusha bila kutazama. Ilimpata yule askari kwenye gego, akakaa chini kama gunia. Wa pili akaja na rungu, akamchoma nalo Mvuke tumboni. Pumzi yote ikamtoka. Akaanguka kifudifudi, mdomo wazi, hana hata sauti ya kuita. Dumu lake likabingirika mpaka kwenye miguu ya Refa.

Refa akalitazama. Akamtazama shemeji yake.

"Naam," akasema taratibu. "Mpishi mwenyewe kaleta nyongeza."

Mvuke alitaka kusema. Alitikisa kichwa. Mdomo ulicheza, hakuna kilichotoka.

"Shemeji, mimi nilikuheshimu. Nimekula kwako. Nikajua unapika, nikasema sheria ikija ataacha. Umeacha?"

Aliyejibu ni Fundi. Damu ilikuwa imemziba macho yote mawili, alisema akiwa ameelekea upande usio na mtu.

"Mdogo wangu. Umewahi kuionja?"

"Mimi? Kamwe! Hakuna askari wangu aliyewahi. Ndiyo sharti la kuingia Kikosini."

"Basi wewe hujashinda kitu. Mimi naamka nayo, nalala nayo, inanukia, nageuza uso. Kila siku. Wewe umefunga mlango ukakaa nje, halafu unajisifu hujala." Akatema damu. "Unanilazimisha ninywe kitu usichokijua. Kinywe kwanza wewe. Uone kama una mdomo wako mwenyewe au una wa serikali."

Watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja, kama uwanjani mpira unapopiga mwamba.

Refa aliwatazama. Alizoea maneno ya uwanjani. Huko ukitukanwa unatoa kadi. Hapa hakuwa na kadi. Uso ukamwiva. Hakuwa mwoga, na hakuwa mnafiki. Kila alichokifanya aliamini.

"Sawa," akasema. "Tazameni wote. Nitaonja mimi, na nitabaki kuwa mimi. Halafu huyu atakunywa lote."

Akainama, akashika mpini wa dumu, juu ya kitambaa cheusi, akafungua kifuniko.

Hapa, msomaji wangu, nataka umtazame Mvuke.

Alikuwa chini, shavu kwenye unga wa mbao. Alikiona kitambaa. Alikiona kilivyojikunja chini ya kidole gumba cha Refa. Pumzi ilikuwa imesharudi. Alisikia inavyoingia na kutoka. Aligeuza jicho akaona jiliwa, na kile kilichokuwa mkono wa mumewe ndani yake.

Refa akainua dumu.

Mvuke akanyamaza.

Funda likapita. Refa akakunja uso, akashika koo, akakohoa mpaka akainama. Ilikuwa kama kumeza misumari na vanishi. Mtu yeyote aliyewahi kunywa hata tone angetema na kukimbilia maji. Lakini huyu hakuwahi. Hakujua pombe inatakiwa kuwa na ladha gani. Kwa hiyo alipoonja sumu, aliona hiyo ndiyo ladha ya dhambi yenyewe, sawasawa na alivyofundishwa.

"Hii?" akasema, macho yanamwaga maji. "Hii ndiyo mnayouzia milango ya nyumba zenu?"

"Mkuu!" Mzee Kidogo alikuwa amesimama, pua juu, anavuta harufu. Uso wake haukuwa na mchezo tena. "Mkuu, tema! Hiyo siyo yenyewe! Mimi yenyewe naijua kuliko mke wangu. Hiyo ni ya mbao!"

Watu wakaangua kicheko. Hata askari wawili walicheka.

"Mlevi ananifundisha kunywa," Refa akasema. Akainua tena, na safari hii alikunywa kwa hasira, funda baada ya funda, akimtazama kaka yake asiyeweza kumwona.

Hapo ndipo Mvuke alipopiga kelele.

"Spiriti ya polishi! Refa, acha! Kitambaa cheusi! Ni sumu!"

Fundi akainua kichwa kama aliyepigwa shoti. "Cheusi? Mama, umesema cheusi?" Akajivuta kwa nguvu zote, mkono ukiwa bado ndani ya chuma. "Mdogo wangu, tapika! Mtieni vidole! Mtapisheni!"

Refa akaweka dumu mezani. Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati lake la kazi.

"Ujanja wenu ni uleule," akasema. "Mmeona nimesimama, sasa mnaniambia ni sumu."

Na kweli alikuwa amesimama. Akapuliza filimbi, ikavuja kwenye pengo. Askari Mnene, kidole kimefungwa kwa leso, akalisogelea dumu, akanusa.

"Mkuu," akasema kwa woga, "hii inanukia kama kabati jipya."

Refa akamzaba kofi. Akamzaba la pili. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisikia kwake, na magoti yakamwachia.

Alikuwa amelewa. Kwa mara ya kwanza maishani, Refa alikuwa amelewa.

Askari wakatazamana. Sheria ilikuwa wazi: mwenye harufu mdomoni anakamatwa. Wakamshika mkuu wao makwapa. Akawapiga kwa rungu. Mmoja akapasuka paji la uso, mwingine akaruka ukuta na hakurudi. Watu wakapata nafasi, mawe yakaanza kuruka, mstari wa waliokamatwa ukasambaratika. Kikosi cha Mwenendo Mwema kikatoka mbio kwenye mlango kiliouvunja chenyewe.

Katikati ya vumbi lile Refa alitambaa mpaka kwenye meza. Alishika mpini wa jiliwa kwa mikono miwili. Alikosea, akauzungusha upande wa kukaza. Fundi akapiga yowe. Refa akalia, akageuza, akafungua. Mkono ukaanguka kama kitambaa.

"Kaka," alisema, amelaza kichwa kifuani kwa mwenzake. "Kaka, nani kakufanyia hivi?"

Fundi alimtia vidole vya mkono wa kushoto kooni, akamtapisha, akamtapisha tena. Wakambeba kumpeleka zahanati. Mganga aliwauliza kanywa lini na kiasi gani. Fundi hakuona. Mvuke alisema hakumbuki.

Asubuhi Refa aliamka, kichwa kinamuuma. Akauliza kwa nini hawajafungua dirisha.

Dirisha lilikuwa wazi.

*

Kuona hakukurudi. Kikosi kilitangaza kwamba mkuu wake amewekewa sumu na maadui wa maadili, na wakataka kumkamata Mvuke kwa kosa la kujaribu kuua. Wakaenda kuchukua maelezo ya Refa kitandani. Akawaambia hakuna aliyemnywesha. Alifungua dumu mwenyewe, akainua mwenyewe, akaonywa, akaendelea mwenyewe. Walimsihi aseme vingine. Hakusema vingine. Wakamnyang'anya filimbi, wakamfukuza kazi kwa kosa la ulevi.

Fundi alikatwa vidole viwili na cha kati hakikunji. Anaranda kwa mkono wa kushoto. Vitanda vyake sasa vinachukua muda mrefu kutoka, na havijanyooka kama zamani. Hajanywa.

Refa anakaa kwa kaka yake. Kazi yake ni kupiga msasa. Anapapasa ubao kwa kiganja na kusema, "Hapa bado." Polishi inapopigwa anatoka nje, hawezi kuvumilia ile harufu.

Askari Mnene aliacha Kikosi, akafungua duka la sabuni. Mzee Kidogo alichapwa viboko vya siku ile, ingawa siku ile hakuwa amepata hata tone. Anaendelea na maisha yake, mtaa wa tatu, kwa mpishi mwingine.

Dereva wa lori hakuonekana tena, wala mtambo, wala madumu.

Sheria ipo. Imepata mkuu mpya, na kunyweshwa kumeondolewa; wanachapa tu.

Mvuke alifungwa kwa kosa la kupika, akatoka. Hapiki tena. Wanaopita kumuuliza nani kamkataza, huwafungia mlango. Anapika chakula cha watu watatu, na cha Refa anakikata vipande vidogo, anamwelekeza kilipo kwenye sahani. Refa humwambia, "Asante, shemeji."

Jana, wakiwa wawili bandani, Fundi alikuwa anafunga kitambaa cheusi kipya kwenye dumu jipya. Hakumtazama mkewe.

"Mama," akasema. "Siku ile mimi sikuwa naona. Wewe ulikuwa unaona. Mbona aliyesema kwanza ni Mzee Kidogo?"

Mvuke alikuwa ameshika ufagio. Aliendelea kufagia mpaka mlangoni, akatoka nao nje.